Barua ya wazi: Jengo jipya lianikwe kabla watu hawajaingia

Kwa wakuu wa ofisi zote zinazopokea na kukabidhi majengo mapya ya umma,
Tanga.

Waheshimiwa,

YAH: HEWA YA NDANI KATIKA MADARASA, ZAHANATI NA OFISI MPYA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii tunaiweka hadharani kwa sababu barua mbili zilizotangulia ziligongwa muhuri wa "Imepokelewa" na zikaishia hapo. Hatuna ugomvi na mtu. Sisi ni mafundi, wasimamizi wa ujenzi na watu wa usalama na afya kazini, na tunachokilalamikia kinarekebishika kwa funguo, feni na kalenda.

Siku ya makabidhiano, kamati hupita chumba kwa chumba. Hufungua mabomba, huwasha taa, hujaribu vitasa, hugonga marumaru kwa mpini wa bisibisi kusikiliza kama chini kuna uwazi. Vizuri kabisa. Wakati huohuo macho yanawawasha, mmoja anapiga chafya, mwingine anasema kwa furaha "kunanukia upya", na fomu inasainiwa. Hewa haina mstari kwenye fomu hiyo. Wiki inayofuata watoto 45 wanaingia na madaftari yao.

Ombi letu kwa kifupi: kati ya mkono wa mwisho wa rangi na siku ya kukabidhi funguo, jengo lianikwe siku 14, yaani lifunguliwe na kupitishiwa hewa ya nje, samani zote zikiwa ndani. Sababu zetu ni hizi.

1. Maji yaliyobaki ndani ya saruji

Tunaanza na hili kwa kuwa ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloharibu mengine. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa na lita 30 za maji, saruji hufunga kikemia maji ya kama robo ya uzito wake, yaani lita 12 hivi. Zile 18 zilizobaki, nyingi hazina pa kukaa, zitatoka polepole. Chukueni darasa la mita 8 kwa 6 lililokula mifuko 50 kwa zege la sakafu na lipu: kwa kukadiria ni lita 900, madumu 45 ya lita 20. Dumu moja kwa kila mwanafunzi.

Kanuni ya mafundi wa sakafu ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hiyo ni pale hewa ikiwa kavu. Zege la sentimita 10 ni miezi minne. Kwa Tanga, ambako masika huanza Machi na vuli hurudi Oktoba, na hata kiangazi chumvi hulowa kwenye kopo lake, ongezeni.

Sasa tazameni kinachofanyika. Lipu ina wiki mbili, inapigwa puti, inafuata dado ya rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua. Saruji mbichi ina ualkali mkali, pH 12 hadi 13. Mafuta ya rangi yakikutana na ualkali na unyevu yanageuka sabuni, kwa maana yenyewe ya neno, kwa kuwa sabuni hupikwa hivyohivyo. Baada ya mwezi ukipitisha kidole kwenye dado kinanata. Rangi inavimba malengelenge, na ukilipasua moja unakuta majimaji na harufu ya mafuta yaliyochacha. Fundi rangi analaumiwa, rangi inakwanguliwa, inapakwa nyingine juu ya ukuta uleule uliolowa.

Zulia la plastiki ni baya zaidi. Likigandishwa kwa gundi juu ya zege ambalo halijakauka, ualkali huivunja gundi pamoja na vilainishi vya plastiki, na chumba kinaanza kutoa harufu nzito inayokwaruza koo. Hiyo haiishi kwa kufungua dirisha. Inaisha zulia liking'olewa. Na dari la jipsamu, karatasi yake ni chakula cha kuvu: likilowa kwa bati linalovuja na lisikauke ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota upande wa juu, ambako hakuna anayetazama.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Chukua nailoni safi inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni au ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, iache saa 16 au zaidi. Ukiibandua ukakuta matone au saruji imekuwa nyeusi, hapo hapapakwi rangi ya mafuta wala hapagandishwi zulia. Ikiwa pakavu, bado usijiamini kupita kiasi, maana kipimo hiki kinajua kukataa kuliko kukubali. Rudia sehemu tatu, mojawapo iwe kwenye pembe isiyopata jua.

2. Mbao za gundi

Makabati ya dawa, meza za walimu, milango ya ndani, rafu: siku hizi ni MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa), chipubodi na plaiwudi. Nyingi zimeshikanishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi. Hii ni gesi kwenye joto la kawaida la chumba; huchemka kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa hewa ya ndani ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, wastani wa dakika 30. Kabla hata ya kufika kwenye saratani kuna macho kuwasha, pua kuchuruzika na pumu kuamka.

Gundi hiyo huvunjika kwa joto na unyevu. Ubao uliopimwa kwenye maabara ya nchi ya baridi na kupata alama ya E1, ya mbao zinazotoa fomaldehaidi kidogo, hautoi gesi kiasi kilekile ukiwekwa chini ya bati pale Pongwe mwezi wa Februari. Hutoa zaidi. Na inaendelea kwa miezi, wakati mwingine miaka, tofauti na thina ambayo sehemu kubwa huondoka ndani ya wiki chache.

Gesi hupita zaidi kwenye kingo zilizokatwa na kwenye tundu za skrubu. Seremala wetu hufunika uso wa mbele kwa fomika ing'ae, akaacha mgongo, chini na ndani ya droo vitupu. Pindueni kabati lolote jipya mtaona rangi ya biskuti. Tunataka pande zote sita zifunikwe, kingo zipigwe utepe wake, tundu zisizotumika zizibwe. Ni kazi ya saa chache kwa kabati moja.

Na kwa nini MDF, kwanza? Msitu wa misaji wa Longuza uko Muheza, hapa hapa mkoani. Hatusemi kila rafu iwe ya msaji, bei tunazijua. Lakini kwa chumba cha kujifungulia au bweni, ubao mzima wa paini uliokaushwa vizuri na kupakwa vanishi ya maji si anasa.

3. Rangi, thina na gundi ya kopo

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache. Kukauka huko ni kwa kidole tu. Viyeyushi vinaendelea kutoka kwa siku na wiki. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo kwenye chumba kisicho na upepo hutulia chini, pale anapotambaa mtoto na anapolala mlinzi. Kisha unafyonzwa na mapazia, magodoro na mbao za dari, na kurudishwa taratibu joto likipanda. Ndiyo maana chumba kinachonuka kidogo asubuhi kinanuka sana saa nane mchana.

Pua si kipimo. Huzoea harufu ndani ya dakika chache, na anayefanya kazi humo kila siku ndiye wa mwisho kuisikia. Mtu akisema "harufu imeisha", mtoeni nje robo saa kisha arudi.

Mahali pengi rangi ya maji inatosha. Dado ya darasa inaweza kuwa rangi ya maji inayosugulika, na milango ndiyo ibaki na mafuta. Kila kopo la thina lisiloingia ndani ni siku zilizookolewa.

4. Madirisha yaliyonunuliwa nusu, na AC

Dirisha la aluminiamu la kusukuma, mita 1.5 kwa 1.2, lina eneo la mita za mraba 1.8. Likifunguliwa lote, linafunguka nusu: 0.9. Weka wavu wa mbu, ambao ni lazima, upepo unapungua tena. Kwenye michoro bado linahesabiwa 1.8. Luva za zamani, pamoja na ubaya wake wote wa kuibiwa vioo, zilikuwa zikifunguka karibu zote. Nyumba za Ngamiani zilizojengwa na watu ambao hawakujua neno kompyuta zina matundu juu ya kila mlango. Sisi tunayaziba ili "baridi ya AC isitoke".

Na AC ya ukutani haileti hewa mpya. Inachukua hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha. Chumba chenye rangi mbichi na AC inayowaka milango ikiwa imefungwa ni sufuria iliyofunikwa, ila ya baridi.

WHO ilipendekeza wakati wa UVIKO-19 angalau lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi. Kwa wanafunzi 45 ni lita 450 kwa sekunde, mita za ujazo 1,620 kwa saa. Darasa letu la mita 8 kwa 6, kimo mita 3, lina mita za ujazo 144. Hewa yote ibadilike mara 11 kila saa. Kwa madirisha pande mbili na kaskazi ikivuma, inawezekana. Kwa madirisha upande mmoja, hapana.

5. Dawa ya mchwa na mbao za kijani

Dawa hunyunyizwa juu ya kifusi kabla ya zege. Hapo ndipo mahali pake. Kupuliza tena ndani ya chumba kilichokwisha ili "kuhakikisha" ni kosa. Klopirifosi, iliyotumika sana kwa kazi hii, mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, zilikubaliana kuiweka kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, isipokuwa kwa matumizi machache. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye daftari la kazi.

Mbao za paa zilizotiwa dawa ya kijani mara nyingi zina shaba, kromi na aseniki. Vipande vyake visipewe mama lishe kupikia. Tunasema hivi kwa sababu hupewa.

6. Vumbi

Vumbi la kukata marumaru na kusugua puti lina chembe ndogo zinazofika chini kabisa ya mapafu, na la marumaru lina silika. Lisifagiliwe kavu. Lipanguswe kwa tambara bichi kuanzia juu ya dari kushuka, na AC zisiwashwe hata mara moja kabla ya hapo. Zikiwashwa, vichujio vyake vioshwe upya.

Namna ya kuanika

LEED, mfumo wa hiari wa Marekani wa kutunuku majengo rafiki kwa mazingira, katika toleo lake la 4 una njia mojawapo inayotaka hewa ya nje mita za ujazo 4,300 hivi kwa kila mita ya mraba ya sakafu kabla ya watu kuingia. Kwa darasa letu la mita za mraba 48 ni kama mita za ujazo 205,000. Hewa ikibadilika mara 10 kwa saa, ni saa 142: siku sita usiku na mchana, au siku 14 kwa kufungua kwa muda wa saa 10 kila siku. Siku zetu 14 hazikutoka hewani. Kanuni hiyo pia inataka unyevu wa hewa usizidi asilimia 60. Kwa pwani hii tukiungoja tutazeeka, ndiyo maana tunatenganisha: ukuta ukauke kwanza na upite kipimo cha nailoni, kisha rangi, kisha kuanika.

Mpangilio ni huu. Kazi zote za rangi, gundi na useremala ziishe. Vumbi lipanguswe. Samani ziingie: hapa ndipo wengi hukosea, wanaanika chumba kitupu halafu makabati mapya yanaletwa siku ya kufungua. Milango ya makabati na droo zote ziachwe wazi. Magodoro yavuliwe nailoni na kusimamishwa wima. Feni mbili ziwekwe upande upepo unakotokea zikiingiza, mbili upande wa pili zikitoa, moja kati ya hizi za kutoa iwe chini karibu na sakafu. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutawala miezi ya katikati ya mwaka. Feni zisishindane na upepo. Mvua ikinyesha, yafungwe madirisha ya upande wa mvua tu. Kila siku iandikwe saa ya kufungua na ya kufunga, na nani aliyefanya.

Siku ya 15, funga kila kitu usiku kucha, saa 8 au zaidi, kisha pima fomaldehaidi kwenye kimo cha pua ya mtoto aliyekaa, kati ya mita 0.6 na 1. Vipimo vya bei rahisi vya mkononi hudanganywa na spiriti na manukato, kwa hiyo visafishio viwekwe mbali. Ikizidi miligramu 0.1, ongeza siku saba na tafuta kabati linalohusika. Watakaopendekeza udi, vitunguu vilivyokatwa au ndoo ya maji chumbani, washukuruni. Udi unaongeza moshi juu ya mvuke. Mengine hayapunguzi kitu cha kuhesabika.

Majibu ambayo tunayategemea

"Fedha hazipo." Feni nne za wati 60 zikizunguka saa 144 hula uniti 35 za umeme. Mlinzi yupo tayari, analinda nyaya na mabomba. Apewe na daftari.

"Shule inafunguliwa Januari." Tunajua. Mwaka 2021 madarasa 15,000 ya mkopo wa UVIKO-19 yalijengwa nchi nzima kwa miezi michache, na kalenda ya aina hiyo itarudi. Basi hesabu ianzie nyuma: funguo tarehe ya kufungua, rangi ya mwisho zaidi ya siku 14 kabla, ili kipimo cha siku ya 15 kipate nafasi, na kama ukuta haujakauka, ukuta huo upakwe chokaa tu kwa muhula wa kwanza. Chokaa inapumua, ualkali hauidhuru, na haina thina. Dado itakuja likizo ya Juni.

"Tanga ina upepo." Upo, nje. Usiku madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi, Jumamosi na Jumapili funguo ziko kwa mtu aliyesafiri.

"Hakuna kanuni inayotulazimisha." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama kiafya. Mwalimu na muuguzi ni wafanyakazi.

"Ni fosi akaunti, hakuna mkandarasi wa kumbana." Fosi akaunti ni ujenzi ambao ofisi yenyewe huajiri mafundi, na fundi wake hulipwa kwa awamu. Awamu ya mwisho ifungwe na daftari la kuanika.

Tunachoomba

(a) Fomu ya makabidhiano iongezwe mistari mitatu: matokeo ya kipimo cha nailoni, tarehe ya mkono wa mwisho wa rangi, na saa zilizoanikwa. Bila hiyo, funguo zisipokelewe.

(b) Mchanganuo wa gharama wa kila jengo jipya utaje aina ya rangi kwa kila chumba, daraja la mbao za gundi, na kazi ya kuziba kingo kama kazi inayolipwa peke yake. Fundi hafanyi kisicholipwa, wala hatumlaumu.

(c) Michoro ihesabu eneo la dirisha linalofunguka, na kila darasa liwe na matundu au madirisha pande mbili.

(d) Majengo yaliyopokelewa ndani ya miezi 12 iliyopita, ambayo bado yako kwenye kipindi cha uangalizi, yapitiwe sasa: dado zinazonata, madari yenye madoa, makabati yasiyozibwa. Mafundi bado wanadaiwa marekebisho, na fedha iliyozuiliwa ipo.

(e) Vyumba vya kujifungulia, wodi za watoto na mabweni vipimwe fomaldehaidi bila kusubiri malalamiko.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Tuko tayari kuja na nailoni, utepe na feni zetu kwenye jengo lolote mtakalolichagua, na kamati nzima ione.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi, wasimamizi wa ujenzi na wakaguzi wa usalama na afya kazini,
Tanga.

Nakala: kamati za shule na za zahanati, zibandikwe kwenye mbao za matangazo.